Fuvu la Mbuzi la Mjomba Methodi

Jumatano, 11 Juni 2025

Jasmine, siku mnahamia Makambako uliniapisha pale stendi. Kila mmoja aandike likizo yake, asifiche kitu, kisha tubadilishane kwa konda wa basi la Kosta la Makambako. Basi naapa tena, kwa wino: nitakueleza yote, hata ya kuniaibisha. Natumaini ya kuniaibisha hayatakuwepo.

Baridi! Asubuhi maji ya ndoo yalikuwa na utando wa barafu. Ukungu haujaondoka hapa mtaani Ramadhani, Njombe, tangu shule ifungwe. Nimevaa sweta mbili na soksi za Baba.

Habari yenyewe. Unakumbuka kabati la vioo nje ya ofisi ya mkuu wa shule? Rafu ya juu bado tupu. Mwalimu Stanley wa biolojia ametangaza kwamba shule ikifunguliwa, kielelezo bora cha likizo kitakaa pale, pamoja na kikadi chenye jina la aliyekitengeneza. Kitakaa hata sisi tukishamaliza shule! Nimekiota hicho kikadi. Kimepigwa chapa: TELESIA, KIDATO CHA TATU.

Kristina, jirani yetu, amekwisha kumaliza chake. Alikwenda Makete kwa shangazi yake, akarudi na maua ya kando ya njia ya kuelekea Kitulo, akayakausha katikati ya Biblia kubwa ya mama yake. Mazuri sana. Nilimwambia ni mazuri. Nilisema kwa sauti ndogo.

Mimi nitatengeneza fuvu. Kitabu cha maktaba kina ukurasa mmoja na nusu juu ya jambo hili: fuvu la mnyama hulowekwa, huchemshwa taratibu, halafu hufanywa jeupe. Nusu ya mwisho imechanwa. Haidhuru. Linabaki jambo dogo tu.

Kichwa.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepata kichwa! Yaani, nimekiona. Bado kina mwenyewe, na mwenyewe anatafuna maganda ya ndizi nyuma ya nyumba.

Jumamosi watu wa Agustino wanakuja kujitambulisha. Agustino ndiye yule fundi wa malori wa hapo kwenu Makambako anayemtaka dada yangu Angela. Baba ameleta beberu mweupe, pembe zimejikunja vizuri kama za kuchorwa. Nilikaa nikimtazama mpaka Mama akaniuliza kama namwombea.

Kuna kikwazo. Kwa ukoo wa Mama, kichwa cha mbuzi wa siku hiyo hakikatwi. Ni cha mjomba wa binti. Kinatiwa kizima ndani ya kiroba kipya, kiroba kinashonwa mdomo, na mjomba hakifungui mpaka afike kwake, mbele ya majirani. Ndivyo watu wanavyojua kwamba ndugu zake wamemwona. Akishakula kichwa, ndipo anakuja kwenye kikao cha pili kumtoa mpwa wake. Mama alinieleza haya yote tulipokuwa tunachambua maharage. Nilisikiliza vizuri. Nasema nilisikiliza ili usije ukadhani sikujua.

Mjomba wetu unamfahamu. Mjomba Methodi mwenye ghala la viazi karibu na reli.

Nimefikiri hivi. Mjomba anapenda nini? Nyama. Kichwa kina nyama kiasi gani? Kidogo, kilichobaki ni mfupa na masikio. Nikitoa kichwa nikaweka mguu mzima wa nyuma, Mjomba ndiye atakayefaidi. Nimelitazama jambo hili pande zote. Hakuna anayepoteza.

Jumamosi, 14 Juni

Wageni walikuja wengi kuliko walivyosema. Walikula! Mguu nilikuwa nimeuficha chini ya sufuria iliyopinduliwa. Niliporudi, sufuria imesimama wima na mguu umekwisha kupelekwa sebuleni. Nilichungulia. Baba yake Agustino alikuwa anaumalizia, amefumba macho kwa raha.

Kichwa kilikuwa stoo, kimebabuliwa, ndani ya kiroba chake. Mama Kristina, ambaye alikuja kusaidia jikoni, ndiye aliyepewa kazi ya kushona kwa sababu ana mkono mzuri wa sindano ya gunia. Niliwahi kabla yake. Nikakitoa kichwa, nikakifunga kwenye sweta. Nimebaki na kiroba kitupu mkononi, namsikia Mama Kristina ukumbini anauliza sindano iko wapi.

Karibu yangu kulikuwa na nini, Jasmine? Viazi. Stoo yetu nzima ni viazi.

Nilichagua vikubwa, nakuapia. Vizuri, ambavyo havijachipua hata kimoja. Juu nikatia majani ya mgomba.

Mama Kristina alishona huku anaimba wimbo wa kwaya, hakutazama ndani. Mjomba alipokabidhiwa alikiinua kiroba, akakipima mkononi, akasema beberu huyu alikuwa na akili nyingi. Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote. Aibu ilianza pale, lakini ndogo, kama kokoto ndani ya kiatu.

Kichwa kipo kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko, nyuma ya banda la nguruwe.

Jumapili, 15 Juni

Siwezi kula.

Tulikuwa mezani baada ya Misa. Simu ya Baba ikalia. Mjomba. Sauti yake ilisikika mpaka nje bila kuwekwa spika.

Alikuwa amewaita majirani zake wote. Mwenyekiti wa mtaa alikuwepo. Mke wake alikuwa ameshabandika sufuria kubwa, vitunguu vimeiva. Mjomba akakata uzi kwa kisu chake mwenyewe. Vikatoka viazi. Vikabingirika sakafuni. Kimoja kilikwenda kikasimama kwenye kiatu cha mwenyekiti. Yeye, Methodi, anayelima viazi, anayeuza viazi, ambaye hata kulala analala juu ya ghala la viazi! Alimwuliza shemeji yake kama maana yake ni kwamba akale vyake.

Baba alisema haelewi. Mjomba akasema basi ataeleweshwa tarehe ishirini na nane, siku ya kikao cha pili. Hatakuja. Viazi vikae kwenye kiti chake, vimtoe Angela. Akakata simu.

Bila mjomba hakuna kikao. Na baba yake Agustino alishasema wazi kwamba hawezi kuwasafirisha wazee mara tatu kwa binti mmoja. Angela hakulia. Aliondoka mezani akaenda kukunja nguo, na nguo zilikuwa zimeshakunjwa.

Nilitaka kusema. Kweli nilitaka. Mdomo ulikuwa na ugali. Nilipomaliza kumeza, Mama alikuwa ameshatamka: aliyeshona ni Mama Kristina.

Huenda umeshaisikia habari hii sokoni kwenu. Ukiisikia, usiseme unanijua.

Jumanne, 17 Juni

Kitabu kinasema kichwa kiachwe ndani ya maji mpaka nyama ilegee, "mahali penye joto". Njombe! Juni! Nimefunua ndoo, kichwa kipo vilevile kama kilivyotoka kwa Baba, kinanitazama. Hata inzi hawajaja. Mwandishi wa kitabu hakupata kufika huku.

Nimetafuta mahali penye joto katika nyumba yetu. Ni mahali pamoja tu: jiko la kuni, pale nyuma ya mafiga Mama anapokaushia kuni mbichi. Nimeiingiza ndoo nyuma ya kuni. Haionekani.

Na nimepata njia ya kuyamaliza yote! Mjomba alidai nini? Hakudai nyama, alidai kichwa. Basi nitamrudishia kichwa chake, kikiwa cheupe, safi, cha kudumu. Kichwa cha supu kinaisha siku moja. Hiki atakitundika sebuleni na wajukuu watakiona. Nadhani atafurahi zaidi. Tatizo ni kwamba kikao ni kabla ya shule kufunguliwa. Labda ataniazima.

Mama na Mama Kristina hawasalimiani. Mama anasema anamsubiri aje mwenyewe aseme kichwa alikipeleka wapi. Mama Kristina anasema anamsubiri Mama aje mwenyewe aseme anamwita mwizi. Ukuta wa katikati ni wa mabanzi. Kila mmoja anasema kwa sauti ya kumfikia mwenzake.

Mimi nimeosha vyombo vyote bila kutumwa. Mama aliniuliza kama naumwa.

Alhamisi, 19 Juni

Leo jumuiya ilisali kwetu. Laiti ingesali kwingine.

Kwa sababu ya baridi walifunga mlango na madirisha, jiko la mkaa likawekwa katikati ya sebule. Ukuta wa sebule ndio ukuta wa jikoni. Na ndoo, Jasmine, ilikuwa imepata joto kama kitabu kilivyotaka.

Harufu ilifika katika fungu la kwanza la rozari. Ilikuja taratibu, kama mgeni mwenye adabu. Kufika fungu la pili watu walianza kusali kwa kasi. Katekista Jacob alitoa kitambaa akajifanya ana mafua. Mama, uso umemwiva, akanong'ona kwamba ni nguruwe. Baba akatoka kumtazama nguruwe. Akarudi akasema nguruwe mwenyewe amejibanza pembe ya mbali na amegeukia ukutani.

Hayo ningeyacheka. Yaliyofuata siwezi.

Mama Kristina alikuja kusali. Alikaa karibu na mlango. Wakati wa kupeana amani, Mama alizunguka akawapa mkono wote, mmoja mmoja, akamruka. Mama Kristina alikuwa ameshanyoosha mkono. Ukabaki hewani. Akaurudisha akajifanya anarekebisha kitenge. Kitenge kilikuwa sawa. Nilikuwa nimeshika kitabu cha nyimbo juu chini.

Walipotoka, Kristina alinivuta kando. Aliniuliza mimi si ndiye niliyekuwa stoo kabla ya mama yake? Je, niliona nini? Nilimjibu sikumbuki.

Nilisema sikumbuki! Nakumbuka mpaka rangi ya uzi. Ulikuwa wa kijani.

Jumamosi, 21 Juni

Mama na Angela walikwenda sokoni. Nimechemsha kichwa katika sufuria ya chakula cha nguruwe, moto mdogo, kama nilivyofundishwa na ule ukurasa mmoja. Nyama ilitoka vizuri. Ubongo niliutoa kwa spoki ya baiskeli. Sitakueleza. Ndiyo, niliapa kueleza yote. Basi: ulitoka kidogokidogo, na mwingine ulinirukia kwenye nyusi.

Nikalishika fuvu kwa pembe kulisuuza. Pembe ikachomoka! Nzima, kama soksi inavyotoka mguuni. Nilipiga kelele, kuku wakakimbia. Ndani yake kuna mfupa mwingine mwembamba wenye vitundu. Nikaivuta ya pili ili nijue kama na yenyewe ni mbovu. Na yenyewe. Kumbe ndivyo zilivyo. Nimeziweka kando; fuvu likishakuwa jeupe nitazirudisha zote mbili kwa gundi ya mbao, ile ya Baba ya kurekebishia viti.

Msiba mkubwa ni meno. Mbele chini nimeyapata yote. Mbele juu hakuna hata moja. Ufizi mtupu! Nimetafuta kwenye sufuria, kwenye majivu, kwenye nyasi. Mchuzi niliobakiza nimeuchuja kwa chujio la chai. (Nimelisuuza. Mara mbili.) Hakuna. Mchuzi mwingine nilikuwa nimeshampa nguruwe, kwa hiyo meno ya juu anayo nguruwe.

Mjomba hawezi kupewa kichwa kibogoyo. Itakuwa tusi la pili.

Nimechonga meno ya chaki. Nilitumia wembe na uvumilivu. Nimeyajaribisha mbele juu, yamelingana na ya chini kabisa; nayo yatangoja gundi. Kwa kweli ni mazuri kuliko ya chini.

Jumatatu, 23 Juni

Fuvu bado lina rangi ya chai. Jua hakuna. Ukurasa umechanwa hapohapo panaposema "hufanywa jeupe kwa". Kwa nini? Nani huchana kitabu mahali kama hapo!

Nilianza na dawa ya kufulia mashati meupe. Baada ya muda mfupi mfupa wa pua ukawa unatoka unga kidoleni kama mkate mkavu. Nikalikimbiza kwenye maji.

Halafu nikamkumbuka Angela. Unajua anasuka na kupaka nywele rangi kule saluni. Ana chupa ya peroksaidi, ile dawa inayogeuza nywele nyeusi kuwa za dhahabu. Ameileta nyumbani ajipake mwenyewe kwa ajili ya kikao, kama kitakuwepo. Nikafikiri: kama inaweza kung'arisha nywele za watu, mbuzi ataishindaje?

Niliimimina yote. Chupa nikaijaza maji ili isionekane imepungua.

Jasmine, ni jeupe! Jeupe kama kanzu ya padri siku ya Pasaka. Nimelikausha kwa kitambaa, nikabandika pembe na meno, nikaliweka juu ya kabati langu, nikarudi nyuma hatua chache kama watu wanavyotazama picha. Nilijisikia mtu wa maana. Haikudumu, maana nilimsikia Mama Kristina ng'ambo ya ukuta akimwambia Kristina asije tena kuchota maji kwetu, aende bombani mbali.

Jumatano, 25 Juni

Angela alijipaka leo. Alikaa mbele ya kioo na mfuko wa nailoni kichwani. Akangoja. Akasuuza. Nyeusi. Akapaka tena chupa ikaisha. Akangoja tena, anatetemeka kwa baridi. Nyeusi tiii.

Akajitazama kwenye kioo, akasema, "Hata nywele zimenikataa."

Ndipo akalia. Hakulia siku ya simu ya Mjomba, amelia leo, kwa maji ya bomba.

Nilikuwa mlangoni. Nikamwambia. Yote, kuanzia mguu chini ya sufuria. Alinitaka nirudie sehemu ya viazi. Nikarudia. Alitaka kuona. Nikampeleka kwenye kabati, nikalifunua. Akalitazama fuvu, akanitazama mimi, akagusa nywele zake.

"Kwa hiyo huyu mbuzi ndiye aliyependeza badala yangu."

Aliniambia nikamweleze Mama, na nikimaliza nisimame palepale.

Nilimweleza Mama. Hakunipiga, na ingekuwa afadhali. Alivaa kandambili moja ya kwake na moja ya Baba, akatoka mbio kwenda ng'ambo ya ukuta, mimi nyuma yake. Alimwomba Mama Kristina radhi mbele ya Kristina, huku amemshika mikono yote miwili. Mama Kristina alisema, "Mama Angela, uliniruka mbele ya jumuiya nzima!" Mama akasema anajua, hajalala tangu siku hiyo. Wakalia. Halafu wakageuka wakaanza kunisema mimi, huyu anaanza, yule anamalizia, na kufikia mwisho walikuwa wamepatana kabisa.

Kristina alikuwa anatazama miguu yangu.

Ijumaa, 27 Juni

Nimefika Makambako na kuondoka bila kukuona. Nisamehe. Nilikuwa chini ya ulinzi wa Mama.

Fuvu lilisafiri kwenye boksi la sabuni, limefunikwa kanga. Mjomba aliambiwa tu kwamba tunakuja. Tulikuta amewaita majirani walewale wa siku ya viazi, na mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu aibu aliipata mbele yao. Mama alisema kamwene, salamu ya kwetu. Wote wakaitikia isipokuwa Mjomba.

Nilipiga magoti. Saruji ya huko ni baridi kama ya kwetu. Nikaeleza. Nilipofika kwenye viazi, mke wa Mjomba alijifunika uso kwa kanga, mabega yakawa yanacheza. Nilidhani analia kwa uchungu, nikazidi kuomba radhi. Nikasema nimeleta kichwa chake. Nikafungua boksi.

Mjomba alilitoa. Akaligeuza huku na huku. Akalipeleka kwenye mwanga wa mlango. Mimi, Jasmine, hata katika hali ile, niliona jinsi lilivyong'aa, na nikatumaini.

Aliniuliza mbuzi huyu nimemtoa wapi. Nikajibu ndiye yuleyule beberu wake. Akauliza, "Na haya meno ya juu hapa mbele kapewa na nani?" Nikajibu kapewa na Mungu, shikamoo Mjomba. Sijui kwa nini niliongeza shikamoo.

Mwenyekiti akakohoa. Mtu mmoja nyuma akasema kama mbuzi wa Njombe siku hizi wanaota meno ya juu mbele, basi wataanza kudai mkate. Nyumba nzima ikalipuka. Hata Mama. Mama yangu mzazi! Kumbe mbuzi hana meno ya mbele juu. Hana kabisa, tangu kuzaliwa. Wote pale walijua. Nimemchungia Bibi mbuzi kila likizo tangu nikiwa darasa la kwanza, na sijawahi kuwatazama mdomoni.

Mjomba alilichomoa jino moja. Akatembea nalo mpaka mlango wa ghala, akapiga mstari. Mstari ukatokea mweupe, mzuri sana. Akaandika neno VIAZI kwa herufi kubwa, akarudi akakaa. Sasa na yeye alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, anapiga paja. Mimi peke yangu nilikuwa bado nimepiga magoti.

Alipomaliza kucheka alitoa hukumu. Kichwa kimefika. Kimechelewa na hakina kitu ndani, lakini kimefika, na majirani wameona. Kesho atakuja kwenye kikao. Baba atamchinja mbuzi mwingine, na kichwa chake Mjomba atakibeba mwenyewe kwenye ndoo iliyo wazi, masikio yakionekana. Viazi ni vilevile, havijaguswa. Nitavibeba mimi kurudi Njombe, nami ndiye nitakayevimenya kwa ajili ya wageni.

Na fuvu? Amelitundika juu ya mlango wa ghala. Nilimwomba aniazime, kwa ajili ya rafu ya shule, hata wiki chache tu. Mama alinifinya hapa chini ya mkono. Pamevimba.

Jumamosi, 28 Juni

Kikao kimefanyika.

Mjomba alipofika kwenye kiti chake aliinama akachungulia chini, akauliza kwa sauti kama viazi vimeshaondoka ama asubiri. Watu wa Agustino hawakuelewa. Kisha akaelezwa baba yake Agustino, na mjomba wa Agustino naye akaelezwa, na kwa sasa hakuna mtu kati ya hapa na Makambako asiyejua. Shemeji Agustino ananiita "Daktari wa Meno".

Lakini Mjomba alisimama, akamshika Angela mkono, akamtoa. Angela alikuwa na nywele zake nyeusi, amezibana nyuma. Alikuwa mzuri mno. Nilikuwa namchungulia kutoka jikoni na beseni la viazi mapajani. Vilikuwa vingi. Kwa nini nilichagua vikubwa?

Kristina alikuja akakaa pembeni yangu, akachukua kisu. Hakuna aliyemwita. Tulimenya mpaka maji yakaonekana chini ya beseni. Ndipo akasema kwamba rafu ya kabati lile ni pana, na maua yake hayachukui nafasi kubwa. Ningependa kukuambia nilimjibu vizuri. Nilimwambia sina kitu cha kuweka. Halafu nikamwomba radhi, kuhusu "sikumbuki". Akasema anajua, kwa sababu siku ile nilikuwa nanuka.

Jumapili, 29 Juni

Nimesali vizuri leo. Nimeungama jana jioni. Nilimsikia Padri kama anakohoa. Alinipa malipizi ya rozari nzima.

Nimejifunza, Jasmine. Sitagusa tena kichwa cha mtu bila kufikiri. Nimemwosha nguruwe. Nimemwahidi Angela chupa mpya ya peroksaidi, sijui nitaitoa wapi. Nimemwandikia Mwalimu Stanley kwamba mwaka huu sina kielelezo, na alipokutana na Baba kanisani alisema nisijali, rafu itangoja mpaka mwisho wa mwaka.

Itangoja mpaka mwisho wa mwaka.

Sasa sikiliza. Jana kabla ya kuondoka, baba yake Agustino alisema harusi itakuwa Oktoba, hukohuko Makambako, na atachinja fahali wake mwenyewe. Alionyesha pembe kwa mikono yake. Mikono haikutosha! Nami sasa naijua kazi. Pembe zinachomoka, hiyo si ajabu. Dawa ya mashati haifai. Asubuhi hii nimekwenda kumtazama mdomoni ng'ombe wa Katekista Jacob: na yeye hana ya juu mbele. Sitaongeza kitu. Oktoba kuna joto kidogo, ndoo haitahitaji jiko.

Tena nimeona nilipokosea. Kosa lilikuwa kumpa viazi mtu wa viazi. Fahali ni mzito zaidi, kwa hiyo nimefikiria maboga mawili makubwa, ndani ya kiroba kipya, na majani juu.

Kwa hiyo uliza polepole, bila kutaja jina langu, na unijibu leoleo kwa konda huyuhuyu, Kosta inageuza saa nane: kwa kina Agustino, kichwa cha fahali wa harusi hupewa nani, na je, mtu huyo analima maboga?